Bwana Asheri Kajiru na Kigoda Kisichokaliwa

Leo Ijumaa, tarehe 30 Septemba 1960, Bwana Asheri Kajiru anafunga kazi. Amehudumu hapa Same kwa miaka ishirini na tisa: ishirini na miwili ya kwanza akiwa karani na mkalimani katika ofisi ya Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, na saba iliyofuata akiwa Katibu wa Chama cha Kusomesha Vijana wa Milima na Nyika. Funguo za ofisi alizikabidhi jana jioni. Hata hivyo asubuhi ya leo alikuwa wa kwanza kufika, akakuta mlango umefungwa, akangoja nje na mwavuli wake kama mtu aliyeleta shauri. Aliyechelewa kufungua ni mimi, na alinitazama vile anavyowatazama wote wanaochelewa.

Mimi ni Hamisi wa Makanya, mpiga chapa wa ofisi hii, na nimekaa naye meza kwa meza tangu mwaka 1949, kwanza kwa Bwana Shauri, kisha hapa Chamani. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa namfahamu, ikanionya nipunguze utani, maana wageni ni wakubwa na siku yenyewe ina uzito wake. Nimekubali, na nitajitahidi.

Bwana Asheri alizaliwa Chome, huko juu ambako ukungu haubanduki mpaka jua lipande. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto alisoma shule ya misheni mpaka ngazi ikaisha. Siku zile kijana wa Upare akishajua kusoma, kuandika na hesabu za kugawanya, alikuwa amefika ukingoni. Kiingereza alikizidisha mwenyewe kwa kamusi moja, ambayo mkewe, Bi. Ruthi, aliivika kipande cha kanga isichakae. Hatukupata kumsikia akilalamika kwamba hakwenda mbele zaidi. Ila mimi niliyekaa mbele yake nilimwona kila ilipofika barua kutoka chuo cha Makerere, Uganda: aliifungua kwa kisu, taratibu, akaisoma akiwa amesimama.

Wengi hudhani kazi ya mkalimani ni kusema. Yeye alitufundisha kwamba ni kunyamaza: mtu anyamaze la kwake, apitishe la mwenzake. Mbele ya Bwana Shauri walisimama watu wa Ugweno, wa Chome, wa Kwakoa, na wafugaji wa Kimaasai wa nyikani, kila mmoja na lugha yake na ghadhabu yake. Na sisi watu wa huku hatuogopi kesi. Mtu yuko radhi auze mbuzi ili adai mgomba. Maneno yote hayo yalipita katika kinywa kimoja. Walioshindwa walimlaumu shahidi, walimlaumu jirani, hata mvua waliilaumu, lakini mkalimani hakulaumiwa. Ukisikia mtu sokoni akisema "Asheri kasema," ulijua mabishano yamekwisha.

Mwaka 1947 wazee wa mlimani na wa nyikani walikutana wakaunda Chama chetu, ili kijana atakayefaulu kwenda Makerere asikwame kwa nauli wala kwa nguo. Mwenyekiti wa kwanza alikuwa marehemu Mzee Athumani, mfanyabiashara wa Makanya. Yeye mwenyewe alisoma chuo cha Kurani tu, na hakutaka mtoto wa mtu aishie alipoishia yeye. Barua za Makerere zilikuja kwa Kiingereza, kwa hiyo wazee walimwomba Bwana Asheri awe anawasomea. Alikubali, akaifanya kazi hiyo baada ya saa za ofisi.

Lakini kusoma barua hakukumtosha. Ni yeye aliyeanzisha masindikizo, ile siku ambayo milima yote hushuka stesheni kuwaaga wanafunzi wanaokwenda Uganda, akina mama wakiwa na vikapu na wazee wakiwa na mawaidha marefu kuliko behewa. Na ni yeye aliyeweka sharti la likizo. Mwanafunzi akirudi, sharti aende kwenye msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja, ashike jembe wazibue ndiva, bwawa linalokusanya maji ya mfereji. Wakati wa kupumzika awaeleze watu, kwa Chasu au Kigweno, lugha zetu za mlimani, anachosoma huko. Aliyeshindwa kueleza alirudi kesho yake. Kijana mmoja aliyesoma filosofia alizibua ndiva kwa wiki nzima.

Aliwatafutia pia kazi za likizo zinazofanana na masomo yao. Wa kemia alimpeleka kwenye machimbo ya jasi kwetu Makanya, akarudi mweupe mpaka kope. Fanueli wa Usangi, aliyesoma elimu ya wanyama, alipelekwa ziwa Jipe kwa wavuvi. Fanueli alijua majina ya samaki kwa Kilatini lakini hakujua kuogelea; mtumbwi ulipopinduka, wavuvi walimtoa akiwa ameinua miwani yake juu ya maji, na mwili wote uko chini. Leo ni bwana samaki wa serikali, na bado haogelei.

Sasa nimefika mwaka 1953. Nilitaka kuuruka, lakini Bwana Asheri aliposikia kwamba mimi ndiye ninayeandika, jambo moja tu aliloniomba ni nisiuruke.

Zipora wa Mamba alikuwa msichana wa kwanza kusomeshwa na Chama. Baba yake alikwisha kufariki, na mama yake, Bi. Eliwaza, alimlea kwa migomba na kahawa. Si wote mlimani waliopendezwa. Walisema msichana anayepelekwa mpaka Uganda atasahau kulima na hatapata mume. Mwaka ule barua ikafika kwamba Zipora amefaulu vizuri mno katika jiografia, na amechaguliwa kuingia darasa la honazi. Ofisini petu hakuna aliyelijua neno hilo. Kamusi ya kanga ikafunguliwa, na kamusi ikasema ni heshima.

Bwana Asheri akawaambia wazee kwamba Zipora amepewa heshima na Makerere.

Kamusi haikudanganya. Ila kwetu, aliyepewa heshima amemaliza. Ni mtu aliyelima, akalea, akaamua mashauri, mpaka siku moja jamaa zake wakamwekea kigoda, wakamwambia akae, wao watamletea. Hapewi mtu heshima asubuhi akapewa jembe mchana. Wazee walielewa hivyo, na Bwana Asheri, kwa kuwa ni Mpare kama wao, akaelewa hivyo hivyo. Furaha ilikuwa kubwa. Fundi wa Gonja aliagizwa achonge kigoda cha mti wa msituni, chenye miguu mitatu. Kamati ya Chama ikalijibu lile neno jema kwa barua: kwamba wazee wameipokea heshima kwa shukrani, na mtoto wao sasa atapumzika nyumbani. Bwana Asheri aliitunga kwa Kiingereza kizuri, mimi nikaipiga chapa, Mzee Athumani akatia sahihi, na gari moshi likaichukua.

Zipora alishuka Same kwa likizo yake, akakuta kwaya. Alidhani kuna mgeni mwingine ndani ya behewa, akageuka kumtazama. Walipomwambia kwamba mgeni ni yeye, na kwamba kesho yake atakalishwa kwenye kigoda, hakubisha mbele ya watu. Alimfuata Bwana Asheri ofisini, akamwamkia shikamoo, akangoja marahaba yake, ndipo akamweleza. Honazi si kupumzishwa, ni kuongezewa kazi. Wachache wanaochaguliwa husoma miaka miwili zaidi, jambo moja, mpaka wafike ndani kabisa. Nafasi hazizidi vidole vya mkono, na ile barua ya shukrani ilikuwa imekwisha kuikataa ya kwake. Chuo kingempa mtu mwingine wakati wowote.

Nilikuwepo. Nilimwona Bwana Asheri akiketi. Sikupata kumwona, kabla ya hapo wala baadaye, akiketi mbele ya mgeni aliyesimama.

Njia ya mkato ilikuwepo, na aliyeitoa ni Zipora mwenyewe, kwa huruma. Alisema, "Baba, waambie wazee chuo kimebadili shauri, kinaniita tena. Nani atajua?" Ni kweli, nani angejua? Msichana angepata nafasi yake na mkalimani angebaki na jina lake. Bwana Asheri alikataa. Alisema wazee wakiambiwa kwamba chuo hutoa heshima leo na kuichukua kesho, wataamini kuwa chuo ni kigeugeu, na mzazi gani wa mlimani atamtoa binti yake kwa vigeugeu? Angejiokoa yeye na Zipora, halafu awafungie mlango wote watakaokuja nyuma.

Gharama ya kusema kweli aliijua kuliko sisi. Mkalimani akikiri kukosea neno moja, kila aliyeshindwa kesi atauliza habari za neno lake.

Kesho yake watu walijaa uwanjani karibu na soko. Bi. Eliwaza alikuwa ameleta kondoo dume wake, na hakuwa na mwingine. Kigoda kiliwekwa katikati, juu ya mkeka mpya, na Zipora akaitwa aje akae. Kabla hajakaa, Bwana Asheri alisimama akavua kofia. Alisema kwa Chasu, akarudia kwa Kiswahili kwa ajili yetu watu wa nyikani, akarudia tena kwa Kiingereza kwa ajili ya Bwana Shauri aliyekuwa amealikwa. Maneno yalikuwa yale yale katika lugha zote: "Neno nimelikosea mimi. Chuo hakikukosea, na mtoto hakukosea."

Mtu wa kwanza kusema alikuwa Bi. Eliwaza. Aliuliza, "Kwa hiyo mwanangu hajamaliza?" Akaambiwa hajamaliza. "Basi mbona mwamkalisha?"

Mzee mmoja wa Chome alitaka kujua: kama honazi si heshima, ni kitu gani? Hapo ndipo Bwana Asheri, bila kamusi, alipofanya tafsiri iliyo bora kuliko zote nilizomsikia akifanya. Aliwauliza wazee hufanya nini maji yanapopungua ndivani. Wakajibu kwamba watu wote huzibua mfereji. Na kama umezibuliwa na maji bado hayaji? Wakajibu kwamba huchaguliwa wachache wenye miguu na macho ya kuaminika, wakapandishwa msituni mpaka chanzoni, wakaangalie maji yamekwama wapi. Akawauliza, je, hao wamepewa heshima? Wakacheka, wakasema hao wamepewa taabu. Na aliyeko chanzoni hula nini? Wakajibu kwamba hubebewa chakula na waliobaki chini, tangu enzi za babu zao. Bwana Asheri akasema, basi honazi ndiyo hiyo, Zipora amechaguliwa kwenda chanzoni, na sisi tulikuwa tukimwita arudi kabla hajaona maji.

Mzee Athumani alikuwa mtu wa maneno machache. Aliinuka, akamtazama Bwana Asheri, akasema, "Karani, neno limekuponyoka. Mtoto asituponyoke." Kisha akaelekea stesheni kupeleka simu ya maandishi, na mkutano mzima ukamfuata. Jibu lilikuja kwamba nafasi bado ipo. Kondoo wa Bi. Eliwaza aliliwa hata hivyo, ila kwa jina la safari, na Zipora alikula amesimama.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Haukupita mwezi, watu wakaanza kufika ofisini na hukumu zao za zamani. Bwana Shauri alimwita Bwana Asheri, akamwambia kwa upole kwamba mkalimani anayetiliwa shaka hawezi tena kusimama barazani. Alimwondoa katika ukalimani. Nilimsaidia kuhamisha vitu vyake, navyo havikujaza hata kapu: kamusi, mwavuli, kikombe. Kwa mtu aliyeishi kwa maneno ya wenzake miaka ishirini na miwili, kukosa hata moja la kupitisha ni msiba, na sisi tuliokuwa karibu naye tulimwona akiubeba. Sioni haya kusema kwamba siku ile nililia.

Kati ya waliodai kesi zirudiwe alikuwepo Mzee Amiri wa Kwakoa, aliyeshindwa kesi ya malisho. Bwana Asheri hakungoja aitwe. Alikwenda mwenyewe Kwakoa, akaketi naye kivulini mwa nyumba, akamrudia shauri lote, neno kwa neno, yale aliyosema Mzee na yale yaliyofika kwa Bwana Shauri. Mzee Amiri alisikiliza hadi mwisho. Mwaka uliofuata alimleta mjukuu wake, Saada, akamsimamisha mbele ya meza yetu, akasema tu kwamba huyu naye anapenda kusoma.

Wazee hawakumwacha. Walimfanya Katibu wa Chama kwa kazi ya kutwa, kwa mshahara mdogo kuliko wa zamani, na hapo ndipo kazi yake kubwa ilipoanza. Alituletea utaratibu tunaouita kurudisha neno. Barua yoyote ya chuo ikishatafsiriwa haitoki ofisini mpaka mtu mwingine, aliyeisikia kwa Chasu au Kigweno tu, airudishe kwa Kiswahili, ndipo tuone kama imerudi ilivyokwenda. Mimi nilimwambia utaratibu huu unachosha. Akanijibu kwamba kigoda nacho kilichosha kuchonga. Kwa njia hiyo tumesoma habari za ufadhili wa Ulaya, mikutano ya wanafunzi ya Nairobi na Kampala, na mitihani ya kuingilia, na hakuna mtoto tena aliyepoteza nafasi kwa ajili ya neno.

Wanafunzi wa honazi huku hawaitwi tena kwa jina la kizungu. Wanaitwa wa chanzoni. Kila likizo ndefu tuna Siku ya Chanzo: wanafunzi hao hupanda pamoja na wazee wa kijiji kimoja mpaka kwenye chemchemi ya mfereji wao, na huko juu kila mmoja hueleza amefika wapi katika kutafuta kwake na nini kimemkwamisha. Wanafunzi wa shule huwafuata wamebeba makande na ndizi, maana chakula cha chanzoni ni cha kubebewa. Zipora ndiye aliyetangulia. Alichora ramani ya mifereji yote ya Mamba kwa ajili ya masomo yake, na wazee wa Mamba huitumia mpaka leo wanapogombana zamu za maji. Mzee Athumani, Mungu amrehemu, hakukosa Siku ya Chanzo hata alipokuwa wa kupandishwa kwa machela. Mwaka jana, akiwa kitandani, jambo la mwisho aliloniuliza kuhusu Chama ni nani yuko chanzoni mwaka huu.

Na kile kigoda? Kiliwekwa kwenye pembe ya ofisi yetu. Hakuna aliyekikalia, na Bwana Asheri hakuruhusu. Juu yake aliweka mtungi wa maji ya kunywa, ili kisionekane kama kinamngoja mtu. Karani mmoja mgeni aliwahi kuushusha mtungi akaketi. Bwana Asheri alimsimamisha kwa kumgusa bega, akaurudisha mtungi, akasema kwamba katika ofisi hii bado hakuna aliyemaliza.

Bwana Asheri, Chama kinakushukuru. Tunamshukuru pia Bi. Ruthi, aliyewalaza wanafunzi wa mbali nyumbani kwake usiku wa kuamkia safari, akawafungia mikate, na hakupata kusema kwamba nyumba imejaa. Saada wa Kwakoa amepata barua yake wiki hii: anakwenda Makerere. Umeisoma wewe mwenyewe, ukiwa umesimama, na neno limerudishwa. Rudini Chome kwa amani. Mungu awape siku nyingi, migomba iliyonyooka, na jirani asiye na kesi.

Limebaki jambo moja ambalo kamati ilikuficha. Bibi Zipora amekuja kwa gari moshi kutoka Moshi, anakofundisha jiografia shule ya wasichana. Asubuhi hii ulipokwenda kunawa, aliingia ofisini na mama yake, akaushusha mtungi na kuuweka dirishani, akakifuta kigoda kwa kanga. Kiko nje sasa, katikati ya uwanja, juu ya mkeka. Kabla ya kukitoa, tulifanya ulivyotufundisha. Tulilirudisha neno kwa Chasu, kwa Kigweno, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na kila mara lilirudi lile lile: umepewa heshima.

Safari hii tafsiri ni sahihi. Keti, Bwana Asheri.